Kinga ya Jua Itokayo katika Bahari ya Barafu

Mwaka 1985 wanasayansi watatu wa Uingereza, Joseph Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin, walitangaza kwamba tabaka la ozoni juu ya Antaktika lilikuwa likipungua sana kila majira ya machipuko. Tabaka hilo ndilo huchuja mionzi ya urujuanimno, ambayo huharibu DNA ya seli. Je, viumbe wa bahari ile hujikingaje?

Sehemu ya jibu ni asidi amino za jamii ya maikosporini, zinazotengenezwa na mwani na baadhi ya bakteria. Hufyonza zaidi mionzi yenye urefu wa wimbi wa nanometa 310 hadi 360, kisha huigeuza nishati yake kuwa joto lisilodhuru. Wanyama wengi hawawezi kuzitengeneza, bali huzipata katika chakula. Krili, wanaofanana na uduvi, huzipata katika mwani mdogo uelao majini. Nungu wa baharini wa Antaktika, Sterechinus neumayeri, huzipata katika mwani mwekundu, na huzihifadhi hata katika mayai yake.

Dondoo la mwani mwekundu aina ya Porphyra, lenye kemikali za jamii hiyo, tayari hutiwa katika baadhi ya vipodozi. Hata hivyo, mionzi aina ya B, iungazayo ngozi zaidi, ina wimbi la nanometa 280 hadi 315. Sehemu yake kubwa iko nje ya eneo ambalo kemikali hizo hufanya kazi vizuri. Kwa hiyo neno “asilia” juu ya chupa halitoshi kuwa kinga. Kula mwani au kuogea sabuni yake hakuchukui nafasi ya losheni iliyopimwa.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa mtu mwenye ualbino, ambaye saratani ya ngozi humnyemelea tangu ujanani. Kinga yake ni kofia pana, nguo za mikono mirefu, kukaa kivulini kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni, na losheni yenye SPF 30 au zaidi, ipakwe upya kila baada ya saa 2 awapo nje. Mhudumu wa afya naye amwulize mgonjwa anajipaka nini, aikague ngozi yake, na ampe rufaa mapema akiona kidonda kisichopona.