Aitwaye kwa Jina Huitika

Likizo iliyopita nilikwenda kumjulia hali mama yangu mzazi huko kwetu pwani ya kusini. Baada ya shikamoo na marahaba, na kabla chai haijapoa, alinikabidhi rununu yake akalalamika kwamba salio lake lilikuwa likiyeyuka kila siku, hata siku asizompigia mtu. Nilipochunguza nikakuta kwamba alikuwa amejiunga, pasi na kujua, na huduma ya kutumiwa vidokezo vya afya kwa Sh10 kila siku. Alikuwa ameletewa arafa iliyomtaja kwa jina lake na kumtaka ajibu NDIYO, naye akajibu. Nilipomuuliza ni kwa nini alifanya hivyo, alinitazama kana kwamba karo yote aliyonilipia ilikwenda na maji.

"Nimeitwa kwa jina langu, mwanangu. Ningeachaje kuitika?"

Mimi hufundisha isimu, na huo ni mhadhara ambao ningeutoa kwa saa mbili nisiumalize vizuri kama alivyoumaliza yeye. Katika lugha yetu kuita si kutaja tu. Aitwaye ana deni la kuitika, na ndiyo maana watoto wa pwani hufunzwa labeka, abee na naam kabla ya kufunzwa kuhesabu. Anayeitwa akanyamaza ama ni mgonjwa, ama ana kiburi.

Tena jina lenyewe! Mama yangu huitwa mama wa kifungua mimba wake, na wajukuu humwita bibi. Lile la kwenye kitambulisho hulisikia mahali pawili tu: zahanati na kituo cha kupigia kura. Waliokuwa na haki ya kumwita kwa jina hilo uso kwa uso, yaani wazazi wake na wasichana waliokua pamoja naye, wengi wao wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Kwa hiyo arafa ile ilimfikia kwa sauti ya serikali au ya marafiki wa utotoni. Haikumjia kwa sauti ya muuzaji.

Wataalamu wa mauzo hufunzwa siku hizi kwamba tangazo linalomlenga mtu mmoja mahususi hunasa kuliko lile linalopigiwa umma mbiu. Kijana mmoja wa fani hiyo alipata kunijia afisini akitaka neno la Kiswahili la maarifa hayo, na yeye mwenyewe alipendekeza "ubinafsishaji". Nilimkumbusha kwamba neno hilo lilikwisha kuposwa miaka ya 1990 na uuzaji wa mashirika ya umma, na kwamba jirani yake wa karibu ni ubinafsi, ambao ni uchoyo. Nikamshauri atumie "kumpimia mteja", kama afanyavyo fundi cherehani. Hakulipenda. Alisema linanuka uzi na chaki.

Lakini hebu tumtazame fundi huyo. Anaweza kukushonea kanzu ikakukaa sawasawa bila ya kulijua jina lako, madhali ameupima mgongo na urefu wa mkono wako. Ndivyo ifanyavyo hata mitambo iliyosifika mno katika biashara hii. Wataalamu wa kampuni ya Amazon, iliyoanza kuuza vitabu mtandaoni mwaka 1995, walieleza katika makala yao ya mwaka 2003 kwamba tarakilishi zao hazikuwa zikilinganisha mteja na mteja, bali bidhaa na bidhaa: waliokinunua kitabu hiki aghalabu hununua na kile. Kwa hesabu hiyo mnunuzi huonyeshwa kinachomfaa, na jina lake halina kazi yoyote humo. Wengi wa wauzaji wetu wamefanya kinyume. Wamelichukua jina, vipimo wakaviacha.

Ushahidi uko ndani ya arafa zenyewe. Bibi asiyejua Kiingereza huandikiwa kwa Kiingereza, ilhali Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Akiandikiwa kwa Kiswahili, basi ni Kiswahili cha viraka. Mtunzi wa programu huandika sentensi moja, akaacha pengo la jina la mteja na pengo la bidhaa, kisha mtambo ukajaza. Mbinu hiyo huenda vyema katika Kiingereza, ambacho hakina ngeli. Kwetu sisi, "yako imefika" iliyotungwa kwa ajili ya simu hubandikwa kila kitu, nasi tukaletewa habari kwamba "viatu yako imefika", "kitanda yako imefika" na "godoro yako imefika". Mtoto wa miaka minne hangekosea hivyo. Dawa yake haina ugumu: kila bidhaa iandikwe kwenye orodha pamoja na ngeli yake, na mtambo uchague vyako vimefika, chako kimefika au lako limefika. Ni kazi ya siku chache kwa mtu mmoja ajuaye lugha, na vyuo vyetu vinafuzisha watu hao kila mwaka wakaishia kutafuta kazi.

Ziko kampuni, nakubali, zinazomuuliza mteja lugha aipendayo siku ya kwanza anapojiandikisha. Hizo zimeshika kipimo. Laiti zingeongeza swali la pili: tukuiteje?

Na swali la tatu, ambalo ndilo lililomgharimu mama yangu: turuhusu tukuite? Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakataza kutumia data ya mtu kwa manufaa ya kibiashara isipokuwa mwenyewe ameombwa ridhaa na kuitoa waziwazi, au iwepo sheria inayoruhusu na awe amejulishwa data hiyo ilipokusanywa. Mama yangu hakumbuki kuombwa chochote. NDIYO yake aliitoa kwa kuwa alilelewa vizuri. Sioni ni vipi itikio la adabu linaweza kuhesabiwa kuwa ridhaa, na ningependa kumsikia wakili akijaribu kulitetea hilo mbele ya wazee wa kijijini kwetu.

Nilimwondoa katika huduma ile baada ya majaribio matatu. Neno la kujiondoa lilikuwa la Kiingereza, nalo lilitakiwa liandikwe kwa herufi kubwa na kutumwa kwa nambari tofauti na ile iliyomwita. Jioni ile, tukiwa barazani, rununu ililia tena. Mama aliinua miwani yake, akasoma polepole, kisha akanigeukia.

"Na huyu naye ananiita. Niitike?"