Maji yakipita mbio, samaki hawanenepi



Tunapotembelea mabwawa ya tilapia huku milimani, Kabare, Walungu ao Masisi, mara nyingi tunakuta jambo moja: mufereji uko wazi muchana na usiku, maji ya kijito yanaingia huku na kutokea kule. Mwenye bwawa anasema samaki anapenda maji mapya. Lakini kisha miezi sita, samaki wake bado wako kama kidole.

Kwa nini? Samaki hana moto wake mwenyewe mu mwili kama mbuzi. Joto ya mwili wake ni ile ya maji. Tilapia anakula na kukomaa vizuri kati ya digrii 25 na 30. Chini ya 20 anapunguza kula, na karibu na 16 anaacha kabisa. Sasa, Ziwa Kivu lenyewe liko karibu metre 1.460 juu ya bahari, na vijito vyetu vinatoka juu zaidi, vikiwa baridi. Kila ndoo ya maji ile inayoingia inafukuza ndoo ingine ambayo jua lilikwisha kupasha moto. Pumba unayotupa hailiwi. Inashuka chini na kuoza.

Hasara ya pili ni mbolea. Rangi ya kijani mu bwawa ni mimea midogo sana, na hiyo ni chakula cha tilapia. Maji yakipita bila kusimama, yanaibeba pamoja na samadi yako yote. Tena, mahali maji yana nguvu, samaki anaogelea juu ya kujishikilia tu, na chakula alichokula kinaishia mu kazi ile.

Basi tufunge kabisa? Hapana. Samaki anapumua oksijeni iliyo ndani ya maji. Muchana ile mimea ya kijani inaitoa, lakini usiku nayo inapumua, ndiyo maana oksijeni inakuwa kidogo zaidi mbele ya jua kutoka. Wenye kulima samaki mu plaine ya Ruzizi wachunge zaidi: maji ya moto yanashika oksijeni kidogo kuliko ya baridi, na samaki aliye mu joto anahitaji nyingi.

Tunashauri hivi:

1. Chimba mufereji wa pembeni, ili kijito kipite inje ya bwawa. Fungua tu juu ya kurudisha maji yaliyokauka na jua ao kunywewa na udongo. Fanya ile mangaribi mbele jua halijashuka, maana maji ya kijito hayako baridi sana kama asubui. Mvua ikileta matope, funga; matope yanaziba mashavu ya samaki.

2. Pima na mukono. Ingiza mukono mu maji mupaka kwenye kiwiko. Ukiona vidole vizuri, maji ni maskini: funga na ongeza samadi. Vikipotea kabla maji hayajafika katikati ya mukono, kijani imezidi: acha samadi.

3. Tembelea bwawa alfajiri. Samaki wakiwa juu, midomo wazi, na jua likitoka hawashuki, hawana hewa. Siku ile usiwape chakula wala samadi. Fungua maji, yaanguke toka juu ya muanzi hadi kwenye mawe, yashike hewa. Maji ya kutoa yatokee chini ya bwawa, kwani ndiko kunakuwa oksijeni kidogo.

4. Weka wavu kwenye mulango wa maji, samaki wa kijito wasiingie.

Muzungumuze jambo hili mu mukutano ujao, hasa pale mabwawa kadhaa yanatumia mufereji mumoja. Maji ambayo bwawa lako halihitaji yanaweza kunywesha mboga za jirani, na samaki wako ndio watanenepa.