Kwa nini Uganda humkumbuka Askofu Mkuu Janani Luwum kila tarehe 16 Februari

Kila mwaka ifikapo tarehe 16 Februari, Uganda huwa na siku ya mapumziko ya kitaifa, na mahujaji hukusanyika Mucwini, katika wilaya ya Kitgum, kaskazini mwa nchi. Huko ndiko alikozikwa Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Kanisa Anglikana, aliyeuawa mwaka 1977 wakati wa utawala wa Idi Amin. Siku hiyo ilianza kuadhimishwa kitaifa mwaka 2015. Kwa vijana wengi waliozaliwa baada ya matukio hayo, ni siku ya kupumzika tu. Makala haya yanaeleza alichokifanya Luwum, na kwa nini kumbukumbu yake inazigusa pia nchi jirani.

Mwalimu kutoka Mucwini

Luwum alizaliwa mwaka 1922 katika jamii ya Waacholi. Alikuwa mwalimu wa shule hadi Januari 1948, alipoguswa na uamsho wa kikristo ambao tayari ulikuwa umeenea Rwanda, Burundi, Uganda, Kenya na Tanganyika. Wafuasi wa uamsho huo, waliojulikana Uganda kama Balokole, walikuwa na desturi iliyowashangaza wengi: muumini alisimama mbele ya wenzake na kuungama waziwazi, bila kuficha aibu yake. Aliyezoea kusema ukweli juu ya nafsi yake mbele ya watu alikuwa amekwisha kuvuka hatua ya kwanza ya ujasiri.

Mwaka 1969 Luwum aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Northern Uganda, na mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu. Jimbo lake halikuishia kwenye mipaka ya Uganda. Lilizijumuisha pia Rwanda, Burundi na Boga, iliyokuwa Zaire wakati huo. Kwa hiyo waumini wa nchi hizo nao walikuwa kondoo wa zizi lake.

Kutoka faraghani hadi hadharani

Amin alitwaa madaraka kwa mapinduzi ya kijeshi mwezi Januari 1971. Katika miaka iliyofuata watu walikamatwa majumbani, kazini na barabarani, na wengi hawakuonekana tena. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa, na katika Uganda ya siku zile methali hiyo haikuhitaji kufafanuliwa.

Luwum hakuanza kwa kupaza sauti. Aliingia katika ofisi za serikali mara kwa mara kuulizia waliotoweka na kuwaombea waliofungwa. Baadhi ya waumini walimlaumu kwamba amekaribia mno watawala. Lakini ukaribu huo aliutumia kwa ajili ya wale ambao hawangeweza kuufikia mlango wa rais. Mwaka 1976 viongozi wa Anglikana, Katoliki na Uislamu walikutana kujadili hali ya nchi. Jambo hilo lapaswa kukumbukwa, kwa kuwa wapo wanaodhani mgogoro ule ulikuwa kati ya Wakristo na Waislamu. Hofu ilikuwa imeingia katika nyumba za dini zote.

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977, askari wenye silaha waliingia katika makazi ya Askofu Mkuu huko Namirembe, Kampala, wakidai kutafuta bunduki. Hawakuzipata. Siku chache baadaye, Luwum na maaskofu wenzake walimwandikia rais barua. Hawakulalamikia upekuzi huo peke yake. Walieleza kwamba bunduki iliyopaswa kumlinda mwananchi ilikuwa ikitumika kumwondolea uhai na mali yake, na kwamba iwapo nyumba ya Askofu Mkuu yaweza kuvamiwa usiku, raia wa kawaida hana pa kukimbilia. Barua haikufichwa. Iliwekwa saini, na nakala zake zikapelekwa kwa viongozi wengine.

Hapo ndipo uzito wa tendo lao ulipo. Nong'ono haina mwenyewe, bali barua yenye saini ina wenyewe wanaojulikana wanapoishi.

Siku ya mwisho

Tarehe 16 Februari, viongozi wa dini, mawaziri, mabalozi na askari waliitwa kwenye mkutano mjini Kampala. Silaha zilipangwa mbele ya umati, na maelezo yakasomwa yakimhusisha Askofu Mkuu na njama ya kumrudisha madarakani Milton Obote. Askari walipiga kelele wakitaka washtakiwa wauawe. Baadaye maaskofu waliruhusiwa kuondoka, ila Luwum aliambiwa kwamba rais anataka kumwona. Wenzake, akiwemo Askofu Festo Kivengere, walimngoja nje hadi walipofukuzwa.

Kesho yake Radio Uganda ilitangaza kwamba Luwum na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, walikuwa wamefariki katika ajali ya gari. Wachache waliamini. Kaburi lilikuwa limechimbwa Namirembe, karibu na la Askofu James Hannington aliyeuawa mwaka 1885, lakini mwili haukuletwa. Waumini kwa maelfu walikusanyika hata hivyo, wakaimba mbele ya kaburi tupu.

Mwili ulipelekwa Mucwini ukilindwa na askari ili uzikwe haraka. Ardhi ilikuwa ngumu na kaburi halikumalizika siku hiyo, jeneza likalala kanisani. Usiku huo waombolezaji walilifungua wakaona matundu ya risasi. Tangazo la redio likawa limekanushwa na mwili wa marehemu mwenyewe.

Urithi wake

Kivengere alivuka milima kwa miguu akaingia Rwanda. Baadaye aliandika kitabu kuhusu kumsamehe Amin. Kanisa lilimchagua Silvanus Wani kuwa Askofu Mkuu mpya, naye alikuwa Mkakwa, kabila moja na Amin, ishara kwamba waumini hawakuigeuza damu ya Luwum kuwa kisasi cha kikabila. Mwezi Juni mwaka huohuo waliadhimisha miaka 100 ya Kanisa lao. Utawala wa Amin ulianguka Aprili 1979. Leo sanamu ya Luwum imesimama juu ya mlango wa Westminster Abbey, London, pamoja na za wafia dini wengine wa karne ya 20.

Ni rahisi kumpamba shujaa hata akafanana na malaika, kisha tukajipa udhuru kwamba sisi ni watu wa kawaida. Luwum alikuwa na mke, Mary, na watoto, naye alijua hatari iliyomkabili. Alibisha hodi kwa upole mara nyingi. Mlango ulipokataa kufunguka, alisema barazani, kwa jina lake, yale aliyoyasema chumbani. Kila jamii yenye watu wanaoogopa kusema ina sababu ya kuikumbuka tarehe 16 Februari.