Magongo, Magurudumu na Jukwaa: Kweli au Uongo?

“Msanii mwenye ulemavu hupanda jukwaani kuonyesha kwamba ameushinda ulemavu wake.”

Uongo, na ndio unaoniudhi kuliko yote kwa sababu husemwa kama sifa. Claire Cunningham wa Scotland alisomea uimbaji kabla hajaingia kwenye dansi, na mtindo wake umezaliwa na magongo yake. Miaka ya kuyaegemea ilimjenga mabega na mikono, ikampa namna ya kugawa uzito ambayo asiyetumia magongo haijui. Mnyang'anye magongo, umemnyang'anya dansi. Mwaka 2014 alitoa Give Me a Reason to Live, kazi iliyochota kwenye michoro ya Hieronymus Bosch yenye ombaomba wa magongo, na iliyowakumbuka watu wenye ulemavu waliouawa na utawala wa Wanazi. Hapo hakuna ushindi wa kupigiwa makofi. Kuna maombolezo, tena yenye hasira.

“Dansi ya wenye ulemavu ni mambo ya juzi tu.”

Uongo. Kundi la dansi la AXIS lilianza California mwaka 1987, na Candoco likaanza London mwaka 1991.

“Kumkodolea macho mlemavu ni kumdhalilisha.”

Inategemea aliyepanga atazamwe ni nani. Mary Duffy wa Ireland, aliyezaliwa bila mikono, alisimama uchi mbele ya hadhira kama sanamu ya Venus de Milo, ambayo nayo haina mikono na dunia huisifia uzuri. Kisha akazungumza, akawarudishia madaktari na wapita njia maneno waliyozoea kumwita.

“Kiti mwendo humfunga mchezaji.”

Uongo. Alice Sheppard alikuwa profesa wa fasihi ya enzi za kati nchini Marekani. Homer Avila, mchezaji aliyekatwa mguu kwa sababu ya saratani, alimtia changamoto ajifunze kucheza. Akajifunza, na hatimaye akaacha uprofesa. Katika dansi iitwayo DESCENT, yeye na mchezaji mwenzake Laurel Lawson hucheza kwa viti mwendo juu ya mteremko mkubwa: hupanda kwa nguvu za mikono, hujiachia, hugeuka katikati ya kasi. Mteremko, kitu ambacho watu huomba kwa miaka kijengwe kwenye mlango wa benki au zahanati, hapa umekuwa uwanja wa mapenzi ya Venus na Andromeda wa visasili vya kale.

“Asiyeona hana cha kufuata kwenye dansi.”

Uongo. Kundi la Sheppard na Lawson, Kinetic Light, limebuni programu ya simu iitwayo Audimance. Asiyeona huchagua mwenyewe asikilize nini: maelezo ya miondoko, ushairi, au sauti za wachezaji na magurudumu yao.