Idd hiyooo! Kochi litoe nje

Unaishi Mitwero, chumba na sebule, halafu siku 3 kabla ya Idd unakopa hela ukachukue seti ya makochi Lindi mjini. Ya nini? Kochi moja linakaa watu 3, tena wembamba. Wageni wanakuja 15, watoto ndio usihesabu.

Hata hilo ulilonalo litoe barazani, wazee wakae hapo wapunge upepo wa bahari. Si ushamba: waungwana wa pwani, pamoja na nyumba zao za mawe, mgeni walimkalisha barazani. Sebuleni tandika mikeka ya ukindu, mito ya kuegemea panga ukutani, sinia la pilau katikati limefunikwa kawa. Sinia moja linazungukwa na watu 5 au 6, na sahani za kuosha zinapungua. Birika na beseni la kunawia viwe karibu na mlango. Udi fukiza kabla wageni hawajaingia, chetezo kikae mbali na pazia la nailoni, maana hilo na moto hawana utani.

Mikeka haitoshi? Azima kwa jirani, kesho unarudisha. Deni la kochi litakufikisha Idd el Hajj, siku kama 70 tu mbele, na huko mbuzi anakusubiri.