Umande Ndani ya Mashine ya Vifaranga

Chukua mashine ya kutotolesha vifaranga iliyoundwa na fundi wa mtaani, iliyomaliza kipupwe kimoja hapa Tarakea. Fungua kidhibiti joto chake, ukigeuze, utazame mgongo wa bodi. Mara nyingi utakuta kijani kimetanda kwenye miguu ya vipuri, kikikwangulika kwa ukucha. Hiyo ni shaba inayoliwa. Wenye mashine hulaumu umeme unaokatikakatika, au huniambia bodi ni feki. Bodi nyingi ninazozifungua zimeuawa na umande.

Mayai ya kuku yanataka nyuzi joto 37.7 kwa siku 21. Tuseme unyevu wa ndani ni asilimia 60. Hewa ya namna hiyo hudondosha maji ikigusa kitu chochote kilichopoa chini ya nyuzi 28. Sasa fikiria Julai, ukungu umeshuka kutoka msitu wa Rongai, na fundi ametoboa ukuta wa sanduku akapachika kidhibiti: uso nje, mgongo ndani. Uso unapigwa na baridi, mgongo unapokea mvuke. Ni kama kioo cha basi la alfajiri la kwenda Moshi: abiria wanapumua, kioo kinatiririka. Siku 3 za mwisho, tunapopandisha unyevu kufikia asilimia 65 hadi 70, hali huwa mbaya zaidi.

Umande huo hukutana na vumbi la manyoya na mabaki ya dawa ya kulehemu, ukawa njia ya umeme pasipotakiwa njia. Sensa ya joto ya vidhibiti hivi vya bei nafuu kwa kawaida ni kipingamizi cha omu 10,000 kwenye nyuzi 25, kinachopungua kadiri joto linavyopanda. Kwenye nyuzi 37.7 hubaki na omu kama 5,800. Unyevu ukifungua kanjia kadogo tu ka omu 100,000 kati ya nyaya zake mbili, kidhibiti kitasoma nyuzi 39. Kitazima balbu ya kupasha joto mapema, na mayai yatakaa kwenye nyuzi 36 na kitu wakati kioo kinaonyesha 37.7. Vifaranga watachelewa, wengine watafia ndani ya ganda, na lawama zitamwangukia jogoo.

Kwa hiyo toa bodi ndani ya sanduku. Ipe kisanduku chake cha plastiki nje, ndani ibaki sensa peke yake. Waya uache ushuke kwanza chini ya tundu ndipo upande kuingia, ili tone linalofuata waya lidondoke kabla ya kufika. Usizibe kisanduku kila upande ukadhani umemaliza: kikipata joto hutoa hewa, kikipoa huvuta nyingine yenye unyevu, na maji yakishaingia hayana pa kutokea. Acha kitundu kidogo upande wa chini.

Bodi yenyewe isugue kwa mswaki na spiriti, ikauke kabisa, kisha ipake vanishi ya saketi. Ukiikosa, rangi ya kucha isiyo na rangi inafaa, mikono miwili myembamba. Usiguse soketi, vitufe, wala tundu la sensa ya unyevu. Na silikoni inayonuka siki iweke mbali na bodi, kwa maana ile harufu ni asidi, nayo hula shaba ileile unayoilinda. Haya yote yafanyike waya ukiwa umechomolewa ukutani. Volti 230 na maji havichezewi.

Imebaki sensa ya unyevu, ambayo ikishalowa mara kadhaa huanza kudanganya. Weka chumvi ya mezani kwenye kizibo cha soda, idondoshee maji hadi iwe kama uji mzito, isiyeyuke yote. Kifungie pamoja na sensa ndani ya kopo lisilopitisha hewa, chumvi isiguse sensa, uache hadi kesho. Hewa ya humo itatulia kwenye asilimia 75, uwe kwenye baridi ya Tarakea au joto la Moshi mjini. Sensa ikisoma 82, andika kwenye mlango wa mashine: toa 7.