Kinachowasha Ndani ya Gome la Osokonoi

Kiserian, chini ya vilima vya Ngong, osokonoi haihitaji kutambulishwa. Ndivyo Wamaasai wanavyouita mti huo. Wakikuyu huuita muthiga. Mwenye kikohozi hutafuna kipande cha gome, na ulimi humwaka kana kwamba ameuma pilipili. Mkemia naye ana swali lake: kinachowasha ni molekuli gani?

Jibu lilipatikana miaka ya 1970, na waliolileta ni viwavijeshi, waharibifu wa mahindi na malisho. Wakemia Isao Kubo na Koji Nakanishi, wakishirikiana na kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE jijini Nairobi, walitenga katika mti huo viambato ambavyo vikipakwa kwenye jani, viwavi hukataa kulila. Kimoja, waburganali, ambacho pia huwasha ulimi, kilitangazwa mwaka 1976.

Umbo la molekuli kama hiyo husomwa kwa mashine ya NMR, inayopima viini vya atomi vikiwa ndani ya sumaku. Dutu husafishwa hadi zibaki miligramu chache, ikayeyushwa katika klorofomu ambayo haidrojeni yake imebadilishwa kwa deuteri, yaani haidrojeni nzito, isije ikavuruga vipimo. Kimiminika hutiwa kwenye mrija mwembamba wa kioo, kipenyo milimita 5, ukateremshwa ndani ya sumaku inayopozwa kwa heli ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Sumaku ya tesla 9.4 inaishinda ile ya dunia, inayogeuza dira, zaidi ya mara 200,000. Humo viini vya haidrojeni hupigwa mawimbi ya redio ya megahezi 400 hivi, na kila kimoja hujibu kwa masafa yanayotegemea atomi zilizokizunguka. Felix Bloch na Edward Purcell, waliopima mwitikio huu wa viini kwa mawimbi ya redio mwaka 1946, walikuwa wanafizikia. Waliofaidi zaidi, pengine, ni wakemia.

Majibu hayo huchorwa kama vilele. Haidrojeni za aldehidi, kundi la kaboni lenye oksijeni na haidrojeni, hukaa mbali kushoto, kati ya 9 na 10 kwenye mizani ya ppm. Chukua poligodiali, ndugu wa waburganali katika mti uo huo. Kilele cha aldehidi yake moja kimegawanyika pacha, kwa kuwa kaboni ya jirani imebeba haidrojeni. Katika waburganali, nafasi ya haidrojeni hiyo imeshikwa na kundi la haidroksili (oksijeni na haidrojeni), na upacha hutoweka. Molekuli zote mbili zina kaboni 15 na haidrojeni 22. Zimepishana kwa oksijeni moja tu.

Kama gome linatibu kikohozi kweli, NMR haisemi. Hilo hupimwa kwa wagonjwa.